Kiwanja Nilichokinyanyulia Mkono

Nilifundisha shule moja ya msingi huko Mjambere, Kisauni, miaka kumi na miwili kabla ya kuwa diwani. Vyama vingi viliporudi, wazazi wa Mjambere ndio walionisukuma nigombee. Siku niliyoshinda walinibeba mabegani, nami nikawaahidi mengi. La kwanza lilikuwa kwamba kiwanja cha michezo cha shule ile hakitaguswa na mtu.

Mwaka wa pili nilikitoa mwenyewe. Hakuna aliyenihonga. Kikao cha baraza kilikuwa kirefu, wenzangu wakanyanyua mikono tajiri mmoja agawiwe kile kiwanja, mwenyekiti akanitazama, nami nikanyanyua wangu. Niliogopa kubaki peke yangu. Basi, ni hivyo tu.

Wiki ile ile alinijia nyumbani mwalimu mmoja wa shule hiyo, binti niliyemfundisha mwenyewe tangu darasa la nne. Alipiga hodi, akaniamkia, akakataa kukaa.

"Mwalimu, watu wanasema kiwanja kimegawiwa, na kwamba wewe ulikubali."

"Siku hiyo sikuwako," nikamjibu. "Nilikwenda mazikoni Likoni."

Uso ukamkunjuka. "Nilijua. Wallahi nilijua."

Jumamosi wazazi walikutana shuleni. Mimi sikwenda, mke wangu alikwenda, kwa kuwa kitinda mimba wetu alikuwa akisoma pale. Mzee mmoja akanitaja kwa ubaya. Yule binti akasimama, akaapa mbele ya watu kwamba sikuhudhuria kikao, nilikuwa mazikoni. Hapo mzazi mmoja, karani wa bandarini Kipevu, akatoa nakala ya kumbukumbu za kikao aliyoipata kwa rafiki yake barazani, akasoma majina ya walioafiki. Langu lilikuwa la tatu.

Watu wakacheka. "Kumbe nawe ni mwenzake!" mzee yule akamwambia. Binti akakaa, akajifunika uso kwa mtandio.

Mke wangu aliponisimulia hayo hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na hayo mazishi yalikuwa ya nani?"



Ukuta ukajengwa kuzunguka kiwanja, na watoto wakawa wanafanyia mazoezi kwenye njia nyembamba baina ya madarasa. Uchaguzi uliofuata nilishindwa vibaya, na ilikuwa haki. Hata baada ya hapo ilinichukua karibu miaka miwili kwenda kwa yule mwalimu kumwomba radhi. Alinipa kiti, akanimiminia kahawa.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini nilivunjiwa heshima mbele ya wazazi. Kawaambie wao."

Nikamwahidi. Siku ya mkutano nilivaa kanzu safi, maneno nimeyapanga kichwani, nikafika hadi langoni. Nikamsikia yule mwalimu ndani akiwakaribisha wazazi. Nikasimama hapo hapo. Mlinzi akaniuliza namtafuta nani.

"Napita tu," nikamwambia, nikashika njia ya sokoni.