Tenda ya Akina Mama

Juzi nilipanga foleni katika ofisi moja ya serikali, nyuma ya mama anayechomelea vyuma mtaani Kariobangi. Alikuja kuomba tenda ya madawati iliyotengewa wanawake.

"Imeshachukuliwa," karani akamwambia. "Na mwanamke mwenzako. Ndiye huyo hapo."

Mwenye tenda, kucha zake nyekundu zikimetameta, akageuka akitabasamu. "Kumbe wewe ni fundi? Basi njoo unitengenezee hayo madawati. Sisi wanawake lazima tujitegemee!"

"Asante," mama akasema. Kisha akatazama vidole vyake vyenye makovu ya cheche, akanigeukia. "Sasa hapo nimepewa kazi ama nimenyimwa?"

Madawati atatengeneza yeye, na asante alisema yeye pia.