Basi la serikali lilipata kumi kwa kumi bila kutoka kwa boma ya mum

Wakuu wa jukwaa, muga kwenu nyote.

Hii story nimeikalia karibu mwaka mzima kwa sababu inaniaibisha mimi mwenyewe. Lakini jana nimesoma hapa uzi wa jamaa analalamika basi la serikali kwao halina kazi kabisa, halafu mmoja akamjibu "jaza fomu, watashughulikia." Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Ninayosema ni ukweli mtupu, na kama ningekuwa na akili ya kupiga picha yule kuku wa ndani ya basi ningeweka hapa mumwone.

Mimi ni mtu wa miraa, nafunga mizigo Kangeta. Mum anaishi peke yake juu ya Nkubu. Ni mwalimu mstaafu wa primary, miaka sabini na kitu, na ana presha ya macho. Daktari wa kliniki Embu alituambia bila kuzunguka: Jumanne ya kwanza ya kila mwezi lazima apimwe na aongezewe dawa. Akikosakosa macho yatazima, na yakizima hayarudi.

Sasa serikali ilikuwa imeleta basi la wazee, la bure, kutoka kwetu kupitia Chuka mpaka Embu. Jina la mradi nalimeza. Usiku basi lilikuwa linalala kwa boma ya mum, kwa sababu ana geti na mbwa mwenye roho mbaya. Dereva ni Kirimi, mzee wa kanisa lao, mtu wa tai na viatu vya kung'aa.

Kila siku ya kliniki nilikuwa nampigia mum asubuhi.

"Mum, uko wapi?"

"Niko ndani ya basi."

Jioni nampigia tena. "Umefika nyumbani?"

"Niko nyumbani, nakunywa chai."

Basi mimi narudi kwa miraa yangu na roho safi. Mwezi wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo.

Halafu nesi wa kliniki akanipigia. Anauliza kama mum yuko hai, maana hawajamwona miezi mitatu.

Wakuu, damu ilinipanda. Nikasema leo mtu wa hilo basi atanijua. Sikupitia nyumbani, nilienda moja kwa moja ofisi ya wanaosimamia huo mradi. Nikampata ofisa mmoja mpole ajabu. Alinisikiliza, akafungua faili, akaniangalia kwa huruma.

"Hili ndilo basi letu bora," akasema. "Alama mia kwa mia, miezi mitatu mfululizo."

Akanionyesha fomu za ubora wa huduma. Zimejazwa na mwenyekiti wa abiria. Chini kuna sahihi, ile ile iliyokuwa kwa report form yangu ya darasa la nne.

Ni ya mum.

Nilifika nyumbani nikikanyaga kwa hasira. Basi liko hapo kando ya zizi, linang'aa kama sufuria ya mgeni. Kirimi anapangusa kioo. Kiti cha nyuma kuna kuku amelalia mayai. Mum amekaa kiti cha mbele na mkoba wake magotini, na kikombe cha chai mkononi.

Nikamuuliza Kirimi hili gari lilitoka hapa lini mara ya mwisho. Akasema fan belt ilikatika miezi mitatu iliyopita. Aliomba nyingine, akajibiwa matengenezo ni ya mabasi yenye alama chini ya hamsini. Lake lina mia.

"Kwa hivyo unafanya nini kila siku?"

"Naripoti kazini," akasema. Na kweli alikuwa anaripoti.

Bahati mbaya ilikuwa siku ya kujaza fomu. Nikakaa nikatazama. Kirimi anasoma swali, mum anatoa alama.

"Basi ni safi?"

"Kumi."

"Dereva ana adabu?"

"Sana. Kumi."

"Dereva huendesha kwa kasi ya kuhatarisha abiria?"

"Hajawahi. Kumi."

"Abiria hubebwa kupita kiasi?"

"Tangu lini? Kumi."

Maswali kumi, wakuu. Hakuna moja linalouliza kama basi huondoka.

Nikamwambia mum aandike ukweli. Akakasirika kuliko mimi. Eti amesahihisha mitihani miaka thelathini na zaidi, na mtoto anapewa alama kwa swali aliloulizwa. Na kupanda gari lingine kama wenzake hawezi, yeye mwenyekiti wa abiria, watu watasema nini. Kila Jumanne ya kliniki aliingia basi saa kumi na mbili na kadi yake, akangoja mpaka saa nne, akatoka.

Hapo ndipo nikauliza kwa nini Kirimi ndiye anamsomea.

"Siku hizi wanachapa na wino hafifu," mum akasema.

Nikachukua ile fomu. Wino ulikuwa mweusi ti.

Sikupiga kelele tena. Nilikaa kwa kiti cha pili, karibu naye. Mum akanipa kalamu yake nyekundu. "Andika swali la kumi na moja. Je, basi liliondoka?"

Nikaandika. Nikamuuliza tuweke sifuri.

"Mimi sijawahi kumpa mtu sifuri. Weka moja. Jina la basi limeandikwa vizuri, na hata mtoto nilimpa moja kwa jina."

Kesho yake alfajiri nilimweka mbele kwa pickup ya miraa, zile mnazozijua kwa kasi. Mlokole wa miaka sabini, na mashada ya miraa huko nyuma. Kliniki tuliikuta bado imefungwa. Aliposhuka alishika mlango kwanza miguu itulie, akasema, "Kwa kasi gari hili ningelipatia alama mbili. Lakini limeondoka."

Daktari alisema jicho la kushoto limeenda. La kulia tuliliwahi.

Na ile fomu? Ilirudishwa kwamba ni batili, kwa sababu ina maswali kumi na moja. Fomu batili inahesabiwa sifuri. Sifuri iko chini ya hamsini, kwa hivyo fan belt ililetwa wiki hiyo hiyo. Kirimi alipewa barua ya onyo, na mum akamwandikia utetezi wa kurasa mbili, mistari ikipanda na kushuka. Kuku alihamishwa na mayai yake.

Funzo langu ni hili. Nilienda kugombana na ofisi kwa fomu isiyouliza kitu cha maana, na mimi mwenyewe miezi mitatu nilikuwa nauliza "uko wapi" na kukata simu.

Siku hizi basi linaenda. Jumanne iliyopita nilimpigia nikamuuliza, "Mum, ukiangalia nje, miti inapita?"

Nikasikia kiti kikilia akigeuka.

"Ya upande wa kulia inapita," akasema.

Haya, uwanja ni wenu. Wa Embu, Chuka na kwingineko, fomu zenu huuliza nini?