Darasa Lisiloitikia

Katika shule ile, asubuhi nzima madarasa yalipokezana kupiga kelele. "Tumeelewana?" "Ndiyo mwalimu!" Chumba cha mwisho wa korido peke yake ndicho kilichokaa kimya. Mwalimu wake alikuwa amepiga marufuku kuitikia kwa pamoja, na watoto, ambao hawashindwi kumpa mtu jina, walimwita Bibi Kimya.

"Dada, kule kwako kuna msiba?" mwalimu wa michezo alimtania ofisini huku akikoroga chai. "Mbona hata chafya haisikiki?"

"Wanafikiri. Nyie mmesahau inavyokuwa."

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Darasa linaloitika kwa sauti moja linamstarehesha mwalimu, na mwalimu anayejistarehesha anaiba mshahara. Yeye aliuliza, akamtaja mtu mmoja, kisha akasubiri. Wepesi aliwanyamazisha kwa jicho ili wazito nao wapate nafasi ya kufika. Asiyeona vizuri alikaa mbele. Kwa ajili ya asiyesikia vizuri, aliyezoea kumtazama mdomoni, hakuwahi kusema neno akiwa amegeukia ubao. Mengi ya haya hakuyapata chuoni. Aliyapata nyumbani, kwa mtu mwenye uso kama wake.

Walikuwa pacha. Utotoni waliketi dawati moja, na mwenzake aliitikia kila kitu pamoja na darasa. Akiulizwa peke yake, yeye, mwalimu wa leo, alimnong'oneza jibu. Waliona huo ndio upendo. Kisha darasa likagawanywa, pacha akapelekwa chumba cha pili, na huko akasimamishwa asome ukurasa. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Darasa likacheka, na mwalimu wa chumba hicho, aibu yake na imfuate popote alipo, akacheka nalo. Mtoto yule hakurudi shule tena.

Sasa walikuwa wanawake wa makamo katika nyumba moja. Pacha alipiga pasi nguo za watu, redio ikiwa mezani. Mtangazaji akisema, midomo yake nayo ilisema, bila sauti.

"Umesikia habari ya maji?" mwalimu alimwuliza.

"Ndiyo, pacha."

"Wamesemaje?"

"Ndiyo."

Kuna asubuhi mwalimu alinawa uso, akainua macho kwenye kioo, akaona midomo yake mwenyewe inacheza. Hakuwa anasema kitu. Akakifunika kioo kwa taulo, na taulo likabaki hapo.

Muhula huo aliletewa msichana mgeni. Siku ya kwanza, wakati wa wimbo wa mstarini, alimwona anafungua na kufunga mdomo bila kutoa sauti. Watoto walikwishamwita Samaki.

Mwalimu mkuu akamwita ofisini. "Mkaguzi anakuja Alhamisi. Nataka darasa lichangamke. Na huyo Samaki wako asipojibu, anashuka darasa la chini."

"Yule ni mwanafunzi, mkuu, si kitoweo. Huko alikotoka ameshashushwa zaidi ya mara moja. Mkimshusha tena atakaa na watoto wanaomfika kiunoni. Hatarudi shule."

"Basi mwache aitikie na wenzake! Mkaguzi hatajua."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Alhamisi mkaguzi, mama mwembamba mwenye miwani, alikaa nyuma ya darasa pamoja na mkuu. Bibi Kimya aliandika ubaoni: nusu, jumlisha robo.

"Yule wa dirishani atujibu," mkaguzi akasema.

Msichana mgeni akasimama. Midomo ikaanza kucheza. Kimya kikatanda, na ndani ya kimya hicho Bibi Kimya akakisikia kile kicheko cha zamani, kikimjia taratibu kama mtu anayepanda ngazi.

Mkuu akakohoa. "Darasa, msaidieni mwenzenu!"

Watoto wakavuta pumzi. Mwalimu akanyoosha mkono. "Asisaidiwe mtu."

Lakini jirani wa dawatini alikwishainama, mdomo umekaribia sikio la mwenzake, usoni amejaa huruma. Mwalimu akajiona mwenyewe pale, mdogo, amevaa sare. Neno moja tu lingenong'onwa, na msichana angepona leo.

"Mwache," akamwambia jirani.

Wakasubiri. Kidole cha msichana kikaandika juu ya dawati.

"Mbili... ya sita."

Kicheko kikataka kuzuka nyuma. Kikakutana na jicho la mwalimu, kikafa.

"Asante. Umepataje?"

"Moja na moja, mbili. Mbili na nne, sita."

"Umejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Sasa najua ulipo. Kaa, nakuja na karatasi tuikunje nusu na robo."

"Lakini amekosa," mkaguzi akasema.

"Amekosa, mama. Ila kosa ni lake. Wangeitikia wote, ningelijuaje?"

Mkaguzi akaandika kitu, akaaga. Koridoni mkuu alifoka: "Jumatatu anashuka!"

"Basi nipangie darasa la chini na mimi."

"Na hesabu za mtihani atafundisha nani?"

Bibi Kimya alimsubiri, kama anavyowasubiri watoto. Mkuu akajifuta jasho.

"Abaki. Akifeli, ni juu yako."

"Lini haikuwa juu yangu?"

Jioni alimkuta pacha akipiga pasi, midomo ikimfuata mtangazaji. Akaizima redio. Midomo ikaendelea kucheza kidogo, peke yake, ndipo ikatulia.

"Ulielewa walichosema?"

"Ndiyo, pacha."

Ulimi ulimwasha mwalimu kumsaidia, kama ulivyomwasha siku zote. Akauzuia. Giza likaingia dirishani, na hakuna aliyewasha taa.

"Hapana," pacha akasema hatimaye. Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtoto, ambayo mwalimu hakuwa ameisikia tangu walipoketi dawati moja. "Hata shuleni. Nilikuwa nafuata midomo yako tu."

Mwalimu akavuta kiti, akakaa mbele yake, uso kwa uso.

"Shuleni ulianza kupotelea wapi?" akauliza, kisha akasubiri.