Nilienda Usenge kushoot film ya dani, majirani wakaanza kumlilia

Wakuu, habari za mchana. Chukueni chai mkae. Hii ilinipata mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Kama kuna mtu wa Usenge humu ndani atawathibitishia, maana mpaka leo nikipita kule nachekwa.

Mimi ni mwanafunzi wa film hapa Kisumu. Muhula uliopita lecturer wetu alitupa kazi ya film fupi, zile wanaita experimental. Sharti lilikuwa moja: onyesha mtu unayempenda, lakini uso wake usionekane hata kidogo.

Sikuwa nimewahi kutengeneza film. Nilikuwa nimeshoot birthday na kwaya, basi. Na hii kazi ndiyo ingeamua kama naendelea mwaka wa mwisho ama narudia unit.

Mtu nilimpata haraka. Dani, yaani nyanya yangu, mama mzaa baba, yule majirani wanamwita Mama Ouko. Anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, hapo Usenge tangu kabla baba hajazaliwa.

Wenzangu walibaki mjini wakishoot vivuli na miguu ya watu. Mimi nikapitia soko la Kibuye, nikanunua pazia jeupe la mitumba la kulainisha mwanga wa jua, nikabeba kamera na tripod ya shule, huyo ushago, kijijini kwetu.

Dani hakuwa na maswali. Asubuhi alibeba beseni akaenda ufuoni kugeuza omena, akaniambia chai iko kwa thermos na nisisumbue kuku wake.

Sasa nikaingia kazini.

Nikatoa kiti chake cha mbao nikakiweka katikati ya boma. Slippers zake nikazipanga hapo chini. Leso yake nikaitandika kwa mgongo wa kiti. Nyuma nikatundika lile pazia jeupe.

Jamani, picha ilikuwa safi! Nikajiambia, omera, ndugu yangu, wewe ni director sasa.

Nikawasha kamera nikasimama nyuma yake, kimya, nimeinamisha kichwa natazama screen.

Watu wa pande zetu mshaanza kucheka, najua. Wengine ngojeni niwaeleze.

Huku kwetu kamera kubwa ya tripod ikiingia boma asubuhi, inakuja na video man wa matanga. Na yeye huanza hivyo hivyo: kiti cha marehemu, viatu vya marehemu, nguo ya marehemu, kitambaa cheupe. Mimi mtoto wa hapo hapo nilisahau kabisa! Akili yote ilikuwa kwa marks.

Mama Risper, jirani yetu, akachungulia juu ya ua. Akaona kiti, akaona pazia, akaona mjukuu aliyetoka Kisumu ameinamisha kichwa. Hakuuliza kitu.

"Uwiii! Mama Ouko! Yawa, Mama Ouko!"

Huyo, akaingia mbio, mikono kichwani. Nyuma yake wamama wengine wakimiminika kutoka kila upande. Mimi napiga kelele, "Mama, hapana, ni film! Ni film tu!" Nani atakusikia? Mmoja alinikumbatia, akanilaza kichwa kifuani kwake, akaniambia nilie tu, nisijikaze. Wueh!

Mama Risper alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, anakiongelesha.

"Ulinibebea Risper nikiwa nimelazwa hospitali! Ukamlisha, ukamwogesha kama wako! Nani ataniita sasa mashua zikifika? Na sikukuambia asante, Mama Ouko. Sikukuambia!"

Dani akatokea kwa lango, beseni kichwani.

Alikuwa amesikia jina lake likililiwa tangu njiani. Wamama wakanyamaza mmoja mmoja. Mmoja wao alipiga nduru mpya kabisa, akakimbilia nyuma ya choo. Mimi nilijua leo nafukuzwa, film imeisha na unit narudia.

Dani akashusha beseni polepole. Akaangalia kiti, akaangalia slippers zake, akaangalia pazia. Kisha akaniangalia mimi.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Na boma zima likapasuka, hata yule wa choo akarudi kucheka na wenzake.

Wote isipokuwa Mama Risper. Yeye alikuwa anapangusa vumbi magotini, anatafuta upenyo wa kutoroka.

"Mama Risper, kaa chini," dani akamwambia. "Rudia."

"Nirudie nini, yawa?"

"Ile ulikuwa unaambia kiti."

Mimi mbio mbio nikageuza kamera nimchukue dani, hata lile sharti la uso nimesahau. Dani akanipungia mkono. "Wacha mimi. Mimi najijua. Chukua huyu."

Mama Risper alicheka. Akafunika uso na leso. Akasema ameacha sufuria motoni. Dani alimngoja tu.

Mwishowe akaanza, chini chini, macho kwa mchanga. Risper. Hospitali. Kulishwa, kuogeshwa. Bila kilio maneno yalikuwa mazito zaidi, yakimtoka kwa shida. Ile asante ilitoka kidogo sana, nusura mic isiishike.

Halafu sauti ya dani, kutoka nyuma ya kamera: "Na mimi nilidhani ulisahau."

Hapo ndipo nilipokata. Film inaishia hapo.

Darasani niliionyesha kwa Dholuo, lugha ya kwetu, hivyo hivyo, bila kutafsiri. Lecturer si mtu wa huku. Akaniambia niicheze tena. Nilipita, wakuu, na nilifurahi mpaka nikampigia dani simu nikiwa bado kwa korido.

Nilichojifunza? Kwanza, ukienda kushoot ushago, zungukia majirani uwaambie, usijifanye director. La pili ndilo linanisumbua. Sisi maneno matamu tunayawekea matanga. Mtu akiwa hai tunamwambia umeshindaje na tunapita, na yeye anakaa miaka yote akidhani tulisahau.

Sasa nyinyi nambieni, na msinijibu kwa utani tu. Kama majirani zako wangekuja kukulilia leo ukiwa mzima, ungemwambia nani akae chini arudie?