Mshumaa Uliobaki Dirishani

Habari ilimkuta Safta uani, amesimama mbele ya sufuria kubwa la shaba, mwiko mrefu mkononi, jamu ya plamu ikitokota polepole. Jirani yao Grigore aliingia kwa lango la nyuma, kofia ameishika kifuani. Moyo wa Safta ukashtuka kabla hajaambiwa neno, maana Grigore hakuwa mtu wa kuvua kofia isipokuwa kanisani.

"Shemeji, weka mwiko chini."

"Nikiuweka itaungua. Sema."

"Toader ametutoka. Kule juu, kwenye mijozi."

Safta akauzungusha mwiko mara moja, na mara ya pili. "Watoto?"

"Wazima. Wako kwangu, mke wangu anawapa maziwa. Niliwakuta wamekaa naye. Smaranda kamshika mkono. Yule mdogo anavunja kokwa za jozi kwa jiwe, hana habari."

Ndipo macho ya Safta yalipokwenda kwenye kamba ya nguo. Koti la kijivu la mumewe lilikuwa linachuruzika maji. Na dirishani, pale alipoviweka mwenyewe asubuhi, vilikuwapo kipande cha mshumaa na kibiriti.

Hapo jamu ikashika chini, na harufu ya kuungua ikajaa ua mzima.

Katika kijiji chao watu waliogopa kufa bila mshumaa mkononi kuliko walivyoogopa kufa kwenyewe. Mgonjwa akizidiwa, lazima awepo wa kumshikia mwanga, ili roho ione njia. Na Toader ndiye aliyewapa watu mwanga huo. Alikuwa mfuga nyuki, mizinga kumi na minne nyuma ya nyumba, na kila msiba nta ilitoka kwake bure. Baba yake alifia msituni akikata magogo, peke yake, usiku, na jambo hilo halikumtoka Toader moyoni. Tangu ujanani alitembea na kipande cha mshumaa mfukoni.

"Unatembea na tiketi kabisa," Grigore alizoea kumtania.

"Na wewe siku yako utakuja kuniomba lifti," Toader alimjibu.

Siku ile ya Jumamosi walipanga kwenda wote wanne. Binti yao Ilinca alikuwa amewaleta wanawe kutoka mjini kwa likizo ya vuli: Smaranda, miaka saba, na Luchian, miaka minne. Wangeokota jozi, wangechoma viazi kwenye majivu, wangerundika majani makavu na kurukia ndani. Lakini asubuhi hiyo Grigore alileta plamu mkokoteni mzima, zimeiva kupita kiasi, za kupikwa siku hiyohiyo au kutupwa. Safta akasema safari iahirishwe. Watoto wakaangua kilio.

"Wewe baki na plamu zako," Toader alisema. "Mimi na vibarua wangu tunakwenda."

Walikuwa wanatoka langoni Luchian alipommwagia babu yake bakuli la plamu zilizopondwa. Safta akamvua mume wake koti palepale, akakung'uta mifuko, akamvika jingine kuukuu.

"Unaninyonyoa kama kuku!"

"Nenda huko, usiwaaibishe wajukuu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa mtu aliyeishi naye miaka arobaini na mitatu.

Maiti ililala sebuleni siku tatu, kama ilivyo desturi. Wanawake walichemsha ngano ya msiba, wanaume walikaa barazani. Kila aliyeingia alifanya ishara ya msalaba, akambusu marehemu mkono, kisha akauliza lilelile: "Alikuwa na mshumaa?"

"Alikuwa na watoto," Safta alijibu kila mara, na mikono yake ikatafuta kazi.

Kilichomtia hofu zaidi ni Smaranda. Tangu Jumamosi mtoto hakusema neno. Alikaa chini ya meza ya jikoni, ameficha viganja vilivyokuwa vyeusi kwa maganda ya jozi. Safta alimchunga kama maziwa motoni. Mtoto alikuwepo. Mtoto aliona. Akifungua kinywa mbele za watu, itakuwaje?

"Mama, zungumza naye wewe," Ilinca alimsihi. "Wewe anakusikiliza."

"Mwache apumzike, mwanangu."

Alijua kwa nini alisema vile, na aibu ikamchoma. Aliomba, lakini sala yake ilifika katikati na kukatika.

Jumapili alasiri Padri Sofronie alikuja kusoma sala. Ilibidi utengenezwe mshumaa wa marehemu, ule mrefu sawa na kimo chake, unaozungushwa kama kata ya kichwani na kuwashwa kifuani pake. Kazi hiyo ilikuwa ya Toader siku zote. Sasa Safta alipima utambi kutoka utosini hadi nyayoni kwa mume wake, akauchovya katika nta ya moto.

Smaranda akatoka chini ya meza. Akasimama mlangoni, akatazama nta.

"Bibi, usinipige."

Safta akageuka.

"Nikupige kwa nini?"

"Mshumaa wa babu niliupoteza mimi. Aliniambia, toa mfukoni. Nikatafuta mifuko yote. Nikatafuta na kwenye majani. Haupo."

Safta aliwaona wote wakimtazama mtoto. Angeweza kunyamaza, na mambo yangeishia hapo. Akaweka utambi chini.

"Hukuupoteza. Niliutoa mimi, nilipofua koti. Uko dirishani pale, utazame."

Mtoto akageuka, akauona. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Yesu wangu," shangazi wa Toader akanong'ona, "basi kaenda gizani."

"Giza gani, shangazi?" Grigore akadakia. "Saa tano asubuhi? Jua lile?"

"Babu hakukasirika," Smaranda alisema kwa kwikwi. "Alisema, haidhuru, jua lipo. Akaniambia nimgeuze kichwa alitazame."

Safta akamgeukia padri. "Baba, niambie."

"Sitakwambia kwamba si kitu, mama," Padri Sofronie alisema. "Wewe unajua ni kitu. Tutamwombea. Maliza mshumaa wake."

Akaumaliza, Smaranda akimshikia ncha ya utambi.

Toader alizikwa Jumatatu, akiwa na koti lake la kijivu, limekauka. Smaranda alikuwa ameuwasha mshumaa wa kifuani kwa kibiriti kile cha dirishani, na kile kipande kidogo Safta alikirudisha mfukoni mwa koti. Jeneza lilisimamishwa mara tatu njiani kwa sala. Kaburini waliimba Kumbukumbu ya Milele. Ilinca alitupa udongo, kisha Smaranda, kisha Luchian, aliyetupa na jozi moja. Safta alitupa wa mwisho.

"Nisamehe koti, Toader," alisema. "Bwana akuangazie."

Makaburini watu wakagawiwa ngano kwa vijiko, wakasema Mungu amsamehe, wakateremka mlima.