Nyumba Iliyopulizwa Maji

Jirani yangu amenunua pompi ya plastiki ya kupulizia nyanya zake. Kila asubuhi namsikia nyuma ya ua akivuta mpini juu na chini, juu na chini, na sauti hiyo inanichosha kabla sijatoka kitandani. Niwie radhi, msomaji. Uchovu wenyewe ni wa zamani, na sijapata kumweleza mtu.

Enzi za Wabelgiji baba yangu alikuwa mpuliza dawa ya mbu hapa Kamina. Pompi zao zilikuwa za shaba, za kubebwa mgongoni, na ikijaa moja ilikuwa na uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Baba alikuwa wa kwanza kufika bohari ili achague. Alitia maji matupu, akaibeba, akapampu, akainama kama anayefunga kiatu, kisha akajipapasa kiunoni. Shati likilowa, aliirudisha akajaribu nyingine, kwa sababu dawa inayovuja huchubua ngozi.

"Pompi haichaguliwaka na macho," alituambia. "Inachaguliwaka na mugongo."

Jumapili alinipa fimbo, mimi msichana wa miaka minane, nitembee kando ya ukuta kwa mwendo wake: polepole, juu hadi chini, bila kuruka mahali. Mama alisema hakuna nyumba Kamina nzima iliyopulizwa hewa nyingi kuliko yetu.

Mvua zilipoanza, mama alimzaa mdogo wangu Ilunga. Alikuwa na siku nne ilipofika zamu ya mstari wetu wa nyumba. Amri ilikuwa watu wote watoke nje, na vyungu, na magodoro, na kuku. Lakini kwetu mtoto hatolewi nje kabla kitovu hakijaanguka, wala mwanamume asiye wa nyumba haingii alimolala.

"Baba Numbi, minyi siwezi kutoka," mama alisema. Numbi ni mimi. "Kitovu haiyaanguka bado."

"Kapita iko pa mulango, anangoya," baba alimjibu.

"Basi weye utatupulizia dawa humu humu na mutoto?"

Baba alimtazama Ilunga, akaenda nyuma ya nyumba kujaza pompi. Nilimfuata. Aliisogeza kando ndoo ya dawa, akamimina maji ya mtungi wa mama, akaweka kidole mdomoni pake ili nisiseme. Aliingia ndani, akapuliza kuta zote kwa ule mwendo wake mzuri. Mama alicheka manyunyu yalipomgusa. Nje, kapita, yule msimamizi wao, alisikia mpini ukilia na hakuingia, kwa kuheshimu mila. Akachora msalaba wa chaki mlangoni, maana yake nyumba imekwisha. Nilimpenda sana baba siku ile. Nilidhani hakuna mtu mwerevu kama yeye.

Kitovu kilianguka baada ya siku tatu. Baba alikuwa amemwahidi mama kwamba hapo atarudi na dawa yenyewe. Lakini kikosi kilikuwa kimeshahamia mtaa mwingine, na kuomba nyumba yetu ipulizwe tena kulikuwa ni kukiri alichofanya na kufukuzwa kazi. Alinyamaza. Mbu waliofukuzwa kwa majirani walihamia kwetu wote, na sisi tukajikuna na kutaniana.

Ilunga alishikwa na homa akiwa na miezi mitatu. Alikufa siku ya pili. Huenda angekufa hata hivyo, watoto wengi walikufa mvua zile, na matangani hakuna aliyemlaumu mtu. Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Baba hakulia mbele yetu.

Aliporudi kazini alianza kuchelewa. Alifika bohari wenzake wamekwisha kuchagua, akapewa ile iliyobaki, yenye kuvuja. Alirudi jioni shati limemgandia mgongoni, na ngozi ikaanza kuchubuka. Mama alimgombeza. Mimi nilimwonea aibu. Niliona baba yangu amekuwa mvivu, na niliendelea kuona hivyo hata nilipoolewa.

Nilimzaa binti yangu wa kwanza nyumbani kwa wazazi. Alikuwa na siku tatu watu wa dawa walipopita tena. Mama aliketi mlangoni na kitenge chake akasema, "Mutoto hatatoka." Baba, mzee tayari, aliinuka kwenye kiti chake, akampita, akamtwaa mtoto kitandani, akatoka naye uani. Mama aliinuka, akamfuata. Tangu siku zile hawakuwa wamelitaja jina la Ilunga.

Wapulizaji walimaliza wakaenda zao. Baba alikuwa ametugeuzia mgongo, na juu ya ukosi wa shati niliona zile alama za ngozi iliyochubuliwa na dawa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba asubuhi zote zile alichelewa kwa makusudi, ili apewe ile inayovuja. Nikanyoosha mikono nimpokee mtoto.

"Wacha ukuta ikauke kwanza," alisema.

Ukuta ulikuwa umekauka zamani. Nilimwacha ambebe mpaka jioni.