Cubit ni mkono wa nani? Yaliyonikuta na wageni Kwihara

Wakuu, salaam kwenu.

Haya yamenikuta mwenyewe. Atakayedhani ni chai aje Kwihara, huku nje kidogo ya Tabora mjini, aulizie.

Sisi akina mama tuna kikundi. Wageni wanakuja kuangalia tembe la kale na njia ya misafara, na wakishamaliza tunawakaribisha chakula cha mchana na kuwaonyesha ususi wa mikeka. Shida yetu ilikuwa English. Tulikuwa tunamwita kijana mmoja wa Mtendeni atutafsirie, na siku asipopata nafasi, wageni wanakula, wanatabasamu, wanaondoka.

Nikajitosa. Nikawaambia wenzangu nafasi hiyo nipeni mimi, English ya form four ninayo, imeshika kutu tu.

Mwenyekiti wetu Mama Sada hana maneno mengi. Akasema, "Sawa, wageni wajao utaongea wewe. Ukikwama tunarudi kwa kijana wa Mtendeni, na tusilaumiane."

Niliitaka nafasi ile jamani. Siku zote mimi ni mtu wa jikoni, napakua wali huku nasikia wenzangu wanavyocheka na watu kule nje.

Nikaazima dictionary. Nikaanza na vipimo, maana wageni ndiyo maswali yao: how far, how long, how heavy.

Nikakariri length, width, depth, weight. Nikakuta span, kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kumbe ni shibiri yetu. Nikakuta cubit: "the length from the elbow to the tip of the middle finger." Kumbe mkono huu huu tunaopimia kila siku. Basi napalilia karanga na cubit, nateka maji na cubit, mpaka mume wangu akawa ananiuliza leo ugali amepewa cubit ngapi.

Kabla sijaendelea, mjueni wifi yangu Mwajuma. Ni mrefu, na mikono yake Mungu hakuibania.

Gulioni kwetu kamba bado inauzwa kwa mkono. Ukoo mzima tukihitaji kamba tunamtuma yeye. Muuzaji akimwona kwa mbali anaanza kukusanya kamba zake.

"Dada, leo napima mimi," anamwambia.

"Anayenunua ndiye anayepima, kaka. Ndivyo tulivyowakuta wazee," Mwajuma anamjibu, na mkono ameshaunyoosha.

Haya, siku ikafika. Wageni walikuwa mzee mmoja na mkewe, watu wapole. Nikaanza vizuri. Nikawaeleza kwamba enzi za misafara nguo ndiyo ilikuwa fedha ya njia hii, na ilipimwa kwa cubit. Definition nikaimwaga yote bila kupumua.

Yule mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "But whose arm?"

Wakuu, dictionary haikusema mkono wa nani.

Mama Sada English haijui, lakini kukwama anakujua. Nikamwona anatafuta simu yake kwenye mkoba. Nikajua anayepigiwa ni nani.

Mara Mwajuma akatokea jikoni na sinia la matunda. Nikamwambia, "Wifi, weka hilo chini, nyoosha mkono."

Akanyoosha. Nami nikanyoosha wangu kando yake, mfupi kama mwiko wa mboga. Nikasema kwa English yangu mwenyewe, ambayo sikuikariri popote: "Buyer bring her. Seller bring me. Then they quarrel."

Yule mama mgeni akacheka mpaka akashika meza. Mumewe akakunja shati, akaja kulinganisha mkono wake na yetu. Mkewe naye akaja. Mama Sada, bila kutafsiriwa chochote, akarudisha simu mkobani akaja kuweka wa kwake. Tukaleta kamba, tukapimana wote, na chakula kikapoa. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini.

Wageni walipoondoka, Mama Sada hakunisifu. Alikuwa anafunika masufuria, akasema bila kunitazama, "Wiki ijayo kuna wengine. Tafuta mtu wa kupakua wali."

Nimejifunza kwamba kukariri maana ya neno ni nusu ya kazi. Nusu nyingine mara nyingi iko nyumbani kwako, na huenda imebeba sinia.

Semeni na nyie: huko kwenu kamba, maziwa au viazi mnapimaje, na ukoo humtuma nani akapime? Ila comments zenu Mwajuma anazisoma, kwa hiyo mikono yake itanieni kwa kiasi.